Njahi za Kathurima

Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, katika kiwanda cha vitamutamu vya Kijapani kilichoko Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, waliokuwepo ni hawa: Kabura, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa kanisa moja la Skuta, Watiri, binti yake, fundi wa kufuma sweta, Wakiuru, muuzaji wa nafaka katika soko la Gakindu, wanachama wengine tisa, Moffat, mwenye kazi ya kuwatembeza wageni, na Bibi Sachiko, mwenye kiwanda. Kathurima, mchumba wa Watiri, naye alikuwepo, ila hakujua ni wageni gani waliokuja.

"Viatu hapa, nywele ndani ya kofia, na mikono tunaosha mpaka kwa kiwiko," Moffat alitangaza.

"Mpaka kwa kiwiko? Kwani tunaenda kupasua mtu?" Kabura aliuliza, na akina mama wakaangua kicheko.

Watiri hakucheka. Wenzake walikuja kutalii. Yeye alikuja kutafuta ukweli mahali ambapo Kathurima alisema anatengeneza mashine, na siku zilikuwa zimemwishia. Jumamosi ya keshokutwa wazee wa Kathurima wangeteremka kutoka Meru kuleta mahari.

Yote yalianza Jumatatu, Wakiuru alipomvuta kando baada ya ibada ya mazishi ya jirani.

"Watiri, nani amejifungua kwa yule Mmeru wako?"

"Ati nini?"

"Mimi siongezi chumvi. Jumamosi tano zimepita, kila Jumamosi anakuja kwangu kuchukua njahi kilo nne. Nne, Watiri! Mwanamume anaishi peke yake, hizo njahi zote anapeleka wapi?"

Watiri alihisi ardhi ikimponyoka. Hakuna mtu wa Nyeri anayehitaji kuelezwa maana ya njahi nyingi katika nyumba moja. Yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ni chakula cha mama aliyetoka kujifungua. Huletewa zimepondwa na ndizi, alishwe mpaka maziwa yajae. Mwanamume anayenunua njahi wiki tano mfululizo ana mwanamke aliyejifungua nyumbani.

Jioni hiyo alimwandikia ujumbe: "Kathurima, Jumamosi ulienda soko ya Gakindu?"

Jibu lilikuja upesi: "Hapana mpenzi. Nilishinda kazini na zile mashine. Kwani?"

Watiri aliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri. Wakiuru hakuwa na sababu ya kumsingizia. Aliyedanganya alijulikana.

"Karibuni sana!" Bibi Sachiko aliwapokea mlangoni, mama wa miaka sabini hivi, mwenye mgongo ulionyooka kama rula. "Rakini tafadhari, msiguse meza."

Akina mama, ambao nao wengi wao hutamka L kama R, walitazamana kwa furaha.

"Huyu anaongea kama sisi!" Wakiuru alinong'ona. "Nani alisema ametoka mbali?"

Waliingia. Moffat aliwaeleza kwamba vitamutamu hivyo, vinavyoitwa wagashi, havitiwi maziwa wala siagi. Maharagwe huchemshwa, huchujwa, husongwa na sukari, kisha hufinyangwa kwa mkono mpaka yafanane na ua, jani au tunda. Mgeni hula kwanza, halafu hunywa chai ya kijani iliyo chungu.

"Sukari kwa maharagwe?" Kabura alikunja uso. "Na chai haina maziwa? Hii ni adhabu, si utalii."

Wakafika kwenye dirisha kubwa la kioo. Upande wa pili walikaa mafundi wanne, vitambaa vyeupe kichwani. Mmoja wao, mwanamume mwenye mabega mapana, alikuwa ameinama juu ya tonge dogo la rangi ya waridi, akilichora petali kwa kisu cha mti. Alilizungusha kiganjani kwa upole kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Kabura alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Ngai! Huyo si mkwe wangu? Si alituambia yeye ni fundi wa mashine?"

Moffat alicheka. "Kathurima? Mashine? Huyo hata jenereta anaiogopa. Lakini maua, hakuna anayemshinda."

Watiri hakungoja zaidi. Alisukuma mlango ulioandikwa kwamba wageni hawaruhusiwi, akasimama mbele ya meza. Kisu cha mti kilimdondoka Kathurima.

"Watiri! Umefika hapa na nani?"

"Na watu wa kutosha. Niambie ukweli mbele yao. Njahi za Gakindu unapelekea mwanamke gani?"

"Mwanamke?"

"Usirudie maneno yangu. Kilo nne kila Jumamosi. Mtoto ni wa nani? Msichana ama kijana? Ulikuwa ungoje mahari iingie kwetu ndiyo useme?"

Nyuma yake mlango ulikuwa umejaa vichwa. Kabura alikuwa wa kwanza.

"Mtoto!" alisema kwa sauti iliyokatika. "Watiri, mtoto gani? Mbona mimi sijui?"

Kathurima aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukapitia hofu, mshangao, kisha jambo lililokaribia kicheko.

"Hakuna mtoto, Mama Watiri. Naapa. Njahi ziko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwa sufuria."

Bibi Sachiko alipita katikati yao bila haraka, akafunua sufuria kubwa jikoni. Mvuke ulipanda. Ndani kulikuwa na uji mzito mweusi unaong'aa.

"Maharagwe yetu mekundu yanatoka mbari, yanacherewa," alieleza. "Kathurima akasema, tujaribu ya hapa. Wiki ya kwanza, chungu. Ya piri, chungu. Ya tatu, nirimwaga yote."

"Nimejifunza kumwaga maji mara nne na kuchuja maganda kwa kitambaa," Kathurima aliongeza. "Ya juzi ndiyo ilikubali. Leo nyinyi ndio wageni wa kwanza kuionja."

Sahani ililetwa. Juu yake vilipangwa vidonge vyeusi vilivyochongwa mfano wa punje za kahawa. Wakiuru, aliyeanzisha moto wote ule, alitanguliza mkono. Alitafuna, akafumba macho, akachukua cha pili kabla ya kumeza cha kwanza.

"Kabura, onja."

"Mimi nimezaa mara nne," Kabura alisema, "na kila mara nililishwa njahi mpaka nikaomba kurudishwa hospitali. Nilisema hazitaingia tena kinywani mwangu."

Hata hivyo alikichukua kidonge kimoja, akakiuma pembeni kwa tahadhari. Akina mama walimngojea kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Alimalizia kile kipande, akapangusa vidole.

"Nani alificha utamu huu wakati wangu?"

Kicheko kilitikisa jiko. Watiri alishika ukingo wa meza. Tangu Jumatatu alikuwa amebeba jiwe kifuani, nalo sasa lilikuwa limemtoka kwa ghafla. Lakini jambo moja lilibaki.

"Kathurima, nimefurahi hakuna mtoto. Sijawahi kufurahi hivi. Lakini nilikuuliza kwa simu, na wewe ukaniandikia uongo."

Aliinamisha kichwa. "Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Ile siku ya kwanza nilikuja kwenu, mjomba wako Gikonyo alimcheka mpwa wake anayepika hotelini. Alisema mwanamume wa jikoni hawezi kulinda boma. Halafu akanigeukia: na wewe kijana, kazi yako? Nikasema mashine. Tangu hapo, kila swali lilitaka uongo mwingine. Ningekubali nilienda Gakindu, ungeuliza njahi ni za nini."

"Kwa hivyo ukaona afadhali nilie?"

"Sikujua unalia. Ningejua, ningekuja usiku huo huo na sufuria mkononi."

Kabura alikohoa. "Gikonyo ni ndugu yangu, na mdomo wake hauna breki. Lakini Watiri, wewe ndiwe utakaa na huyu mtu. Sema."

Watiri alimtazama Kathurima. Aliona unga mweupe kwenye nyusi zake, na macho yasiyokwepa tena. Kisha akawageukia akina mama, akapaza sauti ili hata walio mlangoni wasikie.

"Sikilizeni nyote, na mkawaambie walio nyumbani. Jumamosi haisogezwi. Wazee wa Meru waje. Lakini kabla ya mtu yeyote kukaa au kugusa kikombe, Kathurima atasimama mwenyewe mbele ya mjomba Gikonyo, aseme kwa mdomo wake anafanya kazi gani na anaifanya kwa mikono gani. Hatasemewa na mshenga. Akisema, nitatoka chumbani niketi kando yake, na mazungumzo ya mahari yaanze. Hivyo ndivyo nimeamua."