Kipimio Kikubwa cha Wanju

Kila asubuhi, kabla ya uji wa mchele, Wanju alipanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa na kuligonga tangi la maji kwa kifundo cha kidole. Palipolia kama debe tupu, hapakuwa na maji. Palipolia kwa mlio mzito, ndipo maji yalipoishia. "Baba, limebaki nusu," alipaza sauti, na Baba akawasha pampu. Nyumba yao ya kutengenezea tofu, jibini la maharage ya soya, pale mjini Daxi ilikuwa na kiu isiyoisha, na Wanju, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeijua kiu hiyo.

Kisha akaja binamu yake, Peiling. Mama yake alipata kazi ya kiwanda huko Taichung, akamwacha kwa mjomba wake, ndiye Baba. Peiling hakuwa msemaji, ila mikono yake haikutulia. Haukupita muda akabandika chini ya mfuniko wa tangi kipimio kidogo chenye macho mawili kama chura. Kilipeleka chini sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, kikangoja mwangwi urudi kutoka kwenye maji, na kwa muda uliopita kikajua maji yako umbali gani, kikaonyesha namba. Yakibakiza upana wa kiganja kufika juu, pampu ilijizima.

"Mtoto huyu ana kichwa," Baba alimwambia kila mteja. "Siku hizi hakuna tena wa kuhangaika na ngazi."

Wanju aliyatafuna maneno hayo pamoja na wali wake. Akamwona Peiling akiwekewa tofu ya ukingoni, ile iliyokolea mchuzi wa soya, ambayo miaka yote ilikuwa yake.

"Kula, chura," alimnong'oneza. Peiling alicheka, akadhani ni utani.

Jumamosi Wanju alichukua pesa zake alizopewa kwenye bahasha nyekundu za mwaka mpya, akapanda basi hadi Taoyuan, kwenye duka la vifaa vya umeme.

"Nataka kipimio cha maji, shangazi. Kikubwa."

Mama mwenye duka alivaa miwani. "Tangi lako lina kina gani? Maji yakijaa yanaukaribia mfuniko kiasi gani? Kuna povu? Povu linameza sauti."

"Hiki kinapima hadi wapi?"

"Mita nane. Hicho ni cha matangi marefu. Kitu kikikikaribia sana, hakikioni."

"Na kile kidogo chenye macho mawili?"

"Mita nne. Lakini kinaona hata kitu kilicho karibu. Binti, hujanijibu swali."

"Nipe hiki cha mita nane."

Jumapili jioni alipanda juu ya paa akavibadilisha. Nyaya ziliingia sawasawa. Tangi lilikuwa nusu, na namba ilisomeka vizuri kabisa. Yule chura, kile kipimio kidogo, akamtia mfukoni. Wiki ikipita, angemwambia Baba: kile ulichokuwa ukikisifu ni changu.

Jumatatu waliporudi kutoka shule, walimkuta Baba amesimama ndani ya maji ghalani. Pampu haikujizima. Tangi lilifurika, maji yakashuka ngazi, yakaingia kwenye magunia ya soya ya kutengenezea oda ya tofu ya hekalu. Soya ilikuwa imevimba hata mishono ikaachia.

"Peiling, nilimwamini huyo chura wako," Baba alisema. "Watu wa hekalu nitawaambia nini?"

Peiling alipanda juu ya paa. Aliporudi alikuwa na kipimio kikubwa mkononi, kinadondosha maji. Alimtazama Wanju, akainamisha macho.

"Nimekosea, Mjomba. Nimpigie mama simu aje anichukue."

Ndiyo maneno ambayo Wanju alikuwa akiyaombea. Sasa yalikuwa yamesemwa, naye hakuyataka tena. Aliingiza mkono mfukoni akamtoa chura.

"Hicho si chake, Baba. Ni changu. Nilivibadilisha."

Baba hakupandisha sauti. "Kwa nini?"

"Ulisema hakuna tena wa kuhangaika na ngazi."

Baba alijipangusa uso. "Washeni kinu," akasema. "Soya iliyolowa haingoji, itachacha. Tutaisaga yote leo, tofu tuibane na kuikausha. Hekaluni watapata tofu kavu."

Wakafanya kazi, watatu, mikono imelowa maziwa ya soya, Wanju akisimulia aliyoulizwa na mwenye duka. Katikati ya kubana, Baba aliuliza, "Kwani hicho kikubwa kilishindwa nini?"

"Kinapiga kelele kubwa ili kifike mbali, Mjomba," Peiling alijibu. "Kikishapiga, uso wake unaendelea kutetemeka. Maji yakiwa karibu, mwangwi unarudi kabla hakijatulia, kwa hiyo hakiusikii. Kikadhani maji yako mbali."

Baba akamgeukia Wanju. "Umesikia? Wivu wako ulifanya hivyo hivyo. Ulipiga kelele moyoni hata mwenye duka hukumsikia. Hata huyu unayelala naye chumba kimoja, anayelia akimkumbuka mama yake, hukumsikia. Kuchagua kitu ili umshinde mwenzako si kuchagua. Uliza kwanza kazi yenyewe inataka nini." Akaongeza jiwe juu ya ubao wa kubania. "Na mimi nilimsifu mmoja nikamsahau mwingine. Chura atarudi mahali pake, na Wanju atagonga tangi kila asubuhi. Namba na mlio vikipishana, mniite."

Kesho yake asubuhi Wanju alipanda ngazi, Peiling nyuma yake.

"Gonga taratibu," Peiling alisema. "Chura asije akashtuka."