Ndugu wa Kahangwa

Jumamosi ile wateja wa kutoa kopi walijaa hadi mlangoni pa steshenari ya Byabato, karibu na stendi ya Bukoba. Evelyne aliingia na gauni la kitenge cha kijani, fleshi mkononi, akamkanyaga mwenye duka mguu kabla hata ya kumsalimia. Hivyo ndivyo walivyofahamiana, na mguu wenyewe ulipona upesi.

Evelyne alikuwa mwalimu huko Kamachumu. Marehemu baba yake alikuwa ameandika historia ya ukoo wao katika faili mia nane zilizojaa fleshi ile, nyingine zikiitwa "hii ndiyo" na "hii ndiyo kweli". Binti alitafuta zinazomtaja babu yake, Kahangwa. Byabato akafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, akaandika amri ya kutafuta, grep -rl Kahangwa, na mara orodha ya faili ishirini ikatokea.

"Umezisoma zote sasa hivi?"

"Mashine ndiyo imesoma. Mimi imenionyesha majina ya faili tu. Maandishi ya mteja huwa siyasomi, mwalimu. Huo ni mwiko wangu."

Mwiko ule ulimpendeza Evelyne kuliko hata shati lake lililonyooshwa vizuri. Akamwachia nakala ya faili amtunzie, kisha akawa anakuja kila Jumamosi kujifunza zile amri, ingawa alizishika zote siku ya pili. Msimu wa senene ulipofika walikuwa wanapeana panzi hao wa kukaanga mkononi ufukweni, na Byabato alikwisha kuamua kumwoa.

Shangazi wa Byabato, Klaudia, alikubali kutafuta mshenga, ila akataka kwanza wahakikishe hakuna undugu. Koo zao zilikuwa mbili tofauti. Lakini bibi yake Byabato mzaa mama, Kokugonza wa Izigo, alizaliwa upande wa Kamachumu, na waliowajua wazazi wake walishakufa. Byabato akaandika jina la bibi katika dirisha lake jeusi, alitafute kwenye zile faili za Evelyne. Ikatoka faili moja tu: ndugu_wa_kahangwa.txt.

Kama bibi yake alikuwa dada wa Kahangwa, basi Evelyne alikuwa damu yake, na Wahaya hawaoi ndugu wa damu, hapo hakuna mjadala. Kuifungua faili kulikatazwa na mwiko wake, na tuseme ukweli, aliogopa pia.

Evelyne akipiga simu, anaambiwa kazi ni nyingi. Wiki ya tatu akauliza kwa upole, "Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Nina mambo ya nyumbani."

Byabato akakata simu, akatoa kopi ya mteja kichwa chini miguu juu.

Jumamosi iliyofuata Evelyne alitua kwenye kaunta, uso umekaza. Byabato akamweleza yote kwa sauti ya chini, wateja wawili kwenye benchi wakijifanya hawasikii. Evelyne alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama aliisoma ile faili.

"Ni ya kwenu. Ningeisomaje?"

"Byabato, umejificha wiki tatu kwa sababu ya jina la faili." Akazunguka kaunta na kuvuta kibodi. "Mimi ndiye mwenye nazo, na nimekuruhusu."

Akaandika amri ileile, akaondoa ile l ya kwenye -rl ili mashine ionyeshe mstari wenyewe. Naye hakuwahi kuisoma ile faili. Maneno ya baba yake yakatokea:

"Kahangwa hakuwa na dada. Mkunga Kokugonza wa Izigo aliwapokea watoto wake wote sita, wa kwanza mimi. Si damu yetu, lakini nyumbani tulimheshimu kama shangazi."

Byabato akausoma mstari mara mbili. Evelyne akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Bibi yako ndiye wa kwanza kumshika baba yangu," akasema. "Na wewe ukanikimbia."

"Nisamehe, Evelyne. Nilikupenda nikaogopa."

"Nimekusamehe. Sasa mpigie shangazi."

Byabato akawaomba radhi wateja wa kwenye benchi, akachukua simu, akaongea kwa heshima ya Kihaya. "Shikamoo, shangazi. Ndiyo, waitu, nimehakikisha. Tafuta mshenga."