Aliuza Aibu ya Mama Yangu Kabla Sijatetea Tasnifu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, mama wa binti mmoja, Shiru, na ni karani wa bima huko Upper Hill, Nairobi. Nawaandikia nikiwa na kichefuchefu, wasomaji wenzangu, wala si cha mimba!

Nilijiunga na chuo kikuu kimoja jijini kusomea uzamili wa taaluma mseto. Masharti yake yalinipendeza. Unasoma katika idara tatu tofauti, mwishowe unaandika tasnifu moja inayoziunganisha zote, kisha unaitetea mbele ya wahadhiri wa idara hizo. Mimi nilichagua historia, dini na fasihi. Nikaamua kuandika kuhusu akina mama wanaouza matumbo karibu na vichinjio vya Dagoretti. Mama yangu ni mmoja wao.

Mama si mtu wa kujieleza, lakini kwa ajili yangu alifungua moyo... Aliniambia kwamba baba alipofariki, alikuwa akiokota vipande vilivyotupwa nyuma ya kichinjio, anaviosha, anatupikia, halafu anatuambia amenunua. Kanisani kwake hakuna aliyejua hadi leo. Nilimwahidi kulibadilisha jina lake, na hata chuo kilitaka hivyo.

Sasa mjueni Njoki. Tulikuwa chanda na pete, na ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu. Anaishi mtaa wa Jamhuri, na kazi yake ni kuwaandikia wanafunzi wavivu kazi zao za chuo, biashara inayowalisha wengi hapa Nairobi waliosoma wakakosa ajira. Kiingereza chake ni laini kuliko changu, basi nikamtumia rasimu aninyooshee sentensi. Majina nilikuwa sijayabadilisha bado. Nilijiambia, si ni Njoki tu?

Wiki ya kutetea tasnifu, msimamizi wangu aliniita ofisini. Hata kiti hakunikaribisha. Kumbe kazi yangu ilikuwa imeshawasilishwa na mwanafunzi wa chuo kingine... neno kwa neno! Na jina la mama limo humo, wazi kabisa.

Nilikwenda moja kwa moja Jamhuri. Nilidhani Njoki atalia, ataapa, ataomba msamaha. Nilimkuta akipaka kucha rangi!

"Ai, Mama Shiru, usinipigie kelele," akasema. "Client alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa nimekwama. Si hiyo ni story ya matumbo tu? Andika ingine!"

Ya matumbo tu! Huyu mwanamke alikula kwa mama yangu mara ngapi? Aliitwa binti wa nyumba ile! Nilitazama zile kucha nyekundu. Nilitoka bila kuaga.

Chuo kilinipa njia moja. Nimlete mama mbele ya jopo, asimulie mwenyewe na kuthibitisha kwamba maneno yale ni yake na kwamba aliniambia mimi. Akikataa, nianze upya na mada nyingine.

Nilimweleza mama nikilia. Aliendelea kuosha matumbo. Kisha akaniuliza kama wahadhiri hao wote wameshaisoma habari yake. Nikamjibu ndiyo... Ningejibu nini?

Asubuhi iliyofuata alibisha mlangoni kwangu, amevaa nguo yake ya kanisa.

"Twende," akasema. "Niliwalisha nyama za kuokota ndio msome. Sasa nitashindwa kuongea na watu wa kuvaa tai?"

Nikawaza wageni wale wakimdadisi, aliokota nini, mara ngapi, alijisikiaje... Hapana! Nilimvua kitambaa kichwani, nikamketisha, nikampikia chai. Siku ile hatukwenda popote.

Nimeanza upya. Wenzangu wameshavaa majoho, na Njoki bado anamtumia binti yangu salamu, bila haya!

Nawasihi, ndugu zangu. Mzazi akikukabidhi aibu yake, usimwonyeshe hata rafiki unayekula naye sahani moja. Digrii unaweza kuianza tena. Mama yangu bado huenda kanisani kila Jumapili, lakini siku hizi huketi nyuma kabisa, karibu na mlango.