Zamu ya Haboba Kaltuma

Mwaka 2014 vita viliijaza mahema Mangateen, mtaa wa mji wa mtoni kaskazini mwa Uganda. Natalina, aliyekulia ukimbizini Uganda, ndiye aliyesimamia foleni ya pampu ya maji. Bunduki zikilia mbali, watu walisukumana, naye aliwatuliza kwa sauti kali.

Asubuhi moja alikuja mwanamke mzee, Kaltuma, Mwislamu wa mtaa wa Malakia. Nyumba yake ilikuwa imeungua. Watu walimwita haboba, yaani nyanya.

"Haboba, hapa si pako," alisema Natalina. "Watu wa dini yako walituuza utumwani. Shangazi wa babu yangu alipakiwa mashuani, hakurudi."

Kaltuma alichukua jerikani yake tupu, akashika njia ya mtoni.

Siku ile Natalina hakutulia. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Alibandika chai, akaisahau ikakauka. Siku ya tatu akaja jirani yake, Mwalimu Lomoro.

"Haboba Kaltuma ana kipindupindu," alisema. "Alikunywa maji ya mtoni."

"Sikumtuma mtoni mimi."

"Ulimnyima pampu."

Natalina aliketi, akainuka, akaketi tena. "Mwalimu, ni uongo kwamba walituuza?"

"Si uongo. Utumwa ulikuwepo kabla ya Uislamu, na Wakristo nao waliuza watu. Katika nchi za Waislamu, sheria iliuruhusu. Dini ilisifu kumwacha mtumwa huru, lakini wengi hawakuachwa. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wafanyabiashara walipanda mto huu kutoka Khartoum. Walikuwa Waarabu, Waturuki, hata Wazungu. Machifu wetu wengine waliwauzia mateka."

"Mateka walipelekwa wapi?"

"Wanaume wengi walifanywa askari. Wanawake walifanywa watumishi na masuria. Wengi walishika dini ya mabwana zao. Kiarabu hiki tunachosema sokoni Konyo Konyo kilikulia katika kambi za askari hao. Wengi wa watu wa Malakia ni wajukuu wa mateka hao."

Natalina alijaza jerikani, akaenda hema la wagonjwa mbiombio.

Kaltuma alikuwa amelala, macho yameingia ndani. Natalina alipiga magoti.

"Haboba, nimekukosea. Nisamehe."

"Kaa, mwanangu," alisema Kaltuma kwa sauti ndogo. "Nyanya wa mama yangu alikamatwa shambani akiwa msichana. Wakambadilisha jina. Lakini alimwambia mama yangu jina lake la kwao. Aliitwa Poni."

Natalina alishika mkono wake. Poni lilikuwa jina la kwao Natalina, la kabila la Wabari. Dadake mwenyewe aliitwa hivyo.

Kila siku alirudi kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kama muuguzi alivyomwonyesha. Baada ya wiki moja Kaltuma alitembea.

Natalina akatangaza pampuni: anayefika kwanza anachota kwanza, na wagonjwa na wazee wasisubiri. Wengine walinung'unika. Alipomleta Kaltuma mbele, mwanamume mmoja wa hema la pili, aitwaye Albino, alisema, "Huyu ni wa wale waliotuuza."

"Huyu ni wa yule aliyeuzwa," alijibu Natalina. "Nyanya zetu walipona kwa kujificha majanini, wa kwake akakamatwa. Tofauti ni hiyo tu."

Albino alitazama chini. Kisha akasogeza jerikani yake pembeni, akampisha. Msimu wa mvua uliofuata, hakuna mtu wa safu ile ya mahema aliyekwenda tena kunywa mtoni.