Siku Mbili za Kivuli

Kila asubuhi Nalepo hufungulia maji ya mfereji shambani kabla ya kwenda kazini. Anaishi Usa River na mumewe, Solomoni, na binti yao, Tajeu. Shamba lao ni dogo, lakini nyanya zake ndizo zinazowalisha.

Mwaka ule, mwezi wa pili, jua lilikuwa kali mno. Majani ya nyanya yakaanza kujikunja na kuwa ya njano. Miche ikadumaa. Wakulima huuita ugonjwa huo rasta, na ukiingia shambani mwako hucheki.

Solomoni alikuwa na bomba la dawa mgongoni.

"Napiga tena dawa ya ukungu," alisema.

"Umeshapiga mara nne, Baba Tajeu. Ugonjwa umekoma?"

"Muuza dawa amesema niongeze kipimo."

Muuza dawa! Tangu biashara iwe huria, maduka ya dawa yalikuwa yameota kama uyoga, na kila muuzaji alijiita bwana shamba. Nalepo alichuma jani moja lililougua, akaondoka moyo ukimuuma. Asipopata jibu, nyanya zote zitakufa.

Kazi ya Nalepo ilikuwa kumwagilia mimea katika kituo kimoja cha utafiti wa mazao. Siku hiyo alimkuta mtafiti wa hapo, Ephraimu, ameshika tama. Akamwekea lile jani mezani.

"Pole, Mama Tajeu," Ephraimu alisema. "Huu si ukungu. Ni kirusi. Dawa ya ukungu haikigusi. Kinabebwa na nzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa mche. Ng'oa miche yote iliyougua, uifukie. Halafu otesha mingine ndani ya chandarua, nzi wasiifikie."

"Na dawa ya kirusi chenyewe?"

"Haipo. Sisi humu tunatafuta namna mmea utakavyojikinga wenyewe."

"Kwa kuyadunga majani kwa bomba la sindano, kama ninavyowaona kila wiki?"

Ephraimu alicheka kidogo. "Ndani ya kila mmea kuna jeni. Jeni ni maagizo yanayouambia mmea uoteje na ujikinge vipi. Sisi tunaliongezea jani jeni moja, inayobebwa na bakteria. Inafanya kazi siku chache tu, kisha inakwisha. Siku hizo zinatutosha kuona jani linavyopigana na kirusi."

"Sasa mbona una huzuni?"

"Ni joto. Rasta inawatesa wakulima wakati wa joto, kwa hiyo lazima tujaribu kwenye joto. Lakini nikiongeza joto, jeni haifanyi kazi. Nimeshindwa mara tatu. Mkuu wa kituo amesema nijaribu mara moja tu ya mwisho, kisha tuache."

"Unaliweka jani kwenye joto lini?"

"Siku ileile ninapolitia jeni."

Nalepo akaangua kicheko. "Mtaalamu! Hujawahi kuhamisha mche? Unaufunika kwa majani ya mgomba siku mbili. Ukishashika mizizi, ndipo unaufungulia jua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe unampa jembe mlangoni!"

Ephraimu alilitazama lile jani mezani. Kisha akasimama ghafla.

"Bakteria anahitaji ubaridi ili aingize jeni," alisema. "Ikishaingia, huenda joto halitaizuia. Tujaribu!"

Wakalitia jani jingine la pale kituoni bakteria wenye jeni, wakaliweka kwenye ubaridi siku mbili. Siku ya tatu wakapandisha joto hadi nyuzi thelathini na tatu. Siku ya tano wakafunga mapazia na kuwasha taa maalumu. Chini ya taa ile jani la kawaida huonekana jekundu. Lenye jeni ya majaribio inayofanya kazi hung'aa kijani.

Jani liling'aa kijani! Nalepo alipiga vigelegele, na Ephraimu akaruka kama mtoto. Mkuu wa kituo akaja mbio.

"Nani amefikiria hili?"

"Mama Tajeu," Ephraimu alijibu. Kazi haikuachwa. Ikaanza upya siku hiyohiyo.

Nyumbani kulikuwa na vita vingine.

"Ning'oe mche wenye maua?" Solomoni alilalamika.

"Huo ndio unaowaambukiza wenzake. Ng'oa!"

Aling'oa huku akinung'unika. Wakafukia miche yote iliyougua. Wakaotesha mipya kitaluni, ndani ya chandarua.

Mwezi wa sita walipeleka sokoni Tengeru matenga tisa ya nyanya ngumu, nyekundu. Wakulima wakamzunguka Solomoni.

"Umetumia dawa gani, ndugu yetu?"

"Dawa? Rasta ni kirusi, jamani! Kinabebwa na nzi weupe!" Alieleza kwa madaha, utadhani yeye ndiye aliyegundua.

"Na mtaalamu aliyekufundisha tutampata wapi?" mzee mmoja aliuliza.

Solomoni akameza mate. Kisha akatabasamu, akanyoosha mkono.

"Yule pale anayepanga nyanya. Mke wangu."

Watu wote wakamgeukia Nalepo. Furaha ilimjaa. Akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kuwaeleza, na Solomoni akasogea mbele kabisa ili asikie vizuri.