Mafungu Matatu ya Bibi

Kila akitoka shule, Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alipitia chumba cha kushonea kufagia vipande vya nguo. Siku hiyo hakuna aliyeshona. Bibi, fundi mwenye chumba, alikuwa amefariki, na watoto wake watatu walikuja kugawana vyombo vyake sawasawa: mama mkubwa, mjomba, na mama yake Sindano, ambaye ndiye pekee aliyeishi kwa ushonaji.

Katika familia yao, aliyepanga mafungu ndiye aliyechagua mwisho, ili asijipendelee. Kazi hiyo alipewa mama, kwa kuwa alivijua vyombo. Sindano alizitazama cherehani mbili za bibi. Cherehani nyeusi ilishona vizuri mno. Ile ya kijani iliruka mishono. Wakubwa wakichagua kwanza, mama angebaki na nini? Basi kabla hawajaingia, alichomoa kwenye ile nyeusi kichuma kidogo kinachoshika bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akakificha kwenye soksi. Spea yake haikuuzwa tena madukani.

Mama alikitafuta mpaka chini ya meza, akakata tamaa. Bila kichuma hicho cherehani nyeusi ilikuwa chuma chakavu tu, kwa hiyo ili kusawazisha aliiongezea pasi, mikasi na vitambaa vyote vipya. Mama mkubwa akachagua cherehani ya kijani, mjomba akachukua meza ya kukatia na kabati. Mama akabaki na fungu nono.

"Nashukuru," aliwaambia ndugu zake. "Hakuna niliyempunja."

Maneno hayo yalimchoma Sindano. Mama alikuwa amewapunja ndugu zake bila kujua, na aliyesababisha ni yeye. Akavua kiatu, akatoa kichuma, akaeleza yote huku akilia. Mjomba alisema kumbe hata soksi ilitaka urithi. Mama hakucheka. Alipanga mafungu upya, akawaomba wachague tena.

Safari hii mama mkubwa alichukua cherehani nyeusi, mjomba akarudia meza na kabati. Mama alimsaidia kuibeba mpaka nje, kisha akarudi kukaa mbele ya ile ya kijani.

"Mama, si utapata shida?" Sindano aliuliza.

"Nitapata. Hii nitahangaika nayo mpaka itulie. Lakini kugawana sawa, mwanangu, si kila mtu kupata anachokitamani. Ni kila mtu kwenda kwake akijua hakufichwa kitu. Ningebaki na ile nyeusi, ningekuwa nimemwibia dada yangu huku namshukuru. Haya, futa machozi, unipe uzi tuijaribu."