Boksi Moja la Rangi, Watoto Saba

"Simjui huyu mama!"

Jamani, aliyesema hivyo ni dada yangu, tumbo moja, ziwa moja! Tena mbele ya wanafunzi wangu saba...

Yeye ndiye aliyeniita. "Lete watoto wako kwenye tamasha la uchoraji, nitawaandikisha mwenyewe." Tumefika getini, bosi wake akaziangalia ndala zetu, dada naye akanikana!

"Kanuni iko wazi," bosi akasema. "Kila mtoto na boksi lake la rangi. Nyie mna moja."

"Tunalo moja na linatutosha."

"Mlinzi, watoe."

Niwaambie ukweli, hasira zilinipanda. Wale watoto walikuwa hawajalala kwa kuisubiri siku hii. Niwarudishe nyumbani niwaambie nini? Kwamba umaskini ni kosa?

Thubutu!

"Wanangu, kaeni hapa hapa."

Tukatandika karatasi ya mfuko wa saruji kando ya njia, nje ya geti. Mlinzi akaja juu.

"Mwalimu, ondokeni!"

"Geti ni lenu. Njia ni ya nani?"

Akarudi getini kwake.

Darasani kwetu kila mtoto hushika kalamu moja ya rangi na huitwa kwa rangi hiyo. Picha ni moja, ya wote. Basi wakaanza.

"Bluu, njoo huku, mto umekauka!"

"Nyekundu, acha uchoyo, lipake na paa la jirani!"

Kelele na vicheko! Watoto wa ndani, kila mmoja kwenye meza yake na boksi lake jipya, wakaanza kuchungulia. Akatoka mmoja. Wakatoka watatu. Mara ukumbi mzima uko nje, wamepiga magoti vumbini na viatu vyao vya kung'aa!

Bosi akaja mbio na mpiga picha, tabasamu mpaka masikioni.

"Mwalimu, karibuni ndani! Majaji wanawasubiri!"

Kabla sijafungua mdomo, Kijani, mwanafunzi wangu mpole kuliko wote, akainua kichwa.

"Hapana, bosi. Tuna kazi. Majaji wakitaka, waje wao."

Na wakaja, ndugu zangu! Wakainama kama sisi.

Mwisho kabisa akaja dada. Kitambulisho cha kazi amekivua, machozi yanamtoka.

"Mdogo wangu, nilimwogopa bosi. Nisamehe... Nipe na mimi rangi."

Moyo wangu ulishaanza kulainika, nakiri. Lakini Kijani alinitangulia.

"Rangi zote zina watu, mama. Kaa kwenye foleni."

Akakaa chini, na suti yake! Akasubiri nyuma ya mtoto wa miaka sita, na mimi sikumwombea nafasi.

Zawadi hatukupata, maana jina letu halikuandikwa popote. Na wala hatukulia.

Wasomaji wangu, ukifungiwa mlango usipige magoti kubembeleza. Tandika kazi yako hapo hapo nje. Na ndugu akikukana, msamehe, ila asipite mbele ya waliokuwa nawe.